Mstaafu asingoje kuugua ndipo atafute bima

Kila mwaka, katika shule, zahanati na ofisi za Bukoba na Muleba, hufanyika sherehe za kuwaaga watumishi waliotimiza umri wa kustaafu. Hotuba husomwa, zawadi hutolewa, na mstaafu husifiwa kwa miaka aliyolitumikia Taifa. Baada ya hapo maongezi yote huwa juu ya jambo moja tu, nalo ni mkupuo: utatoka lini, utakuwa kiasi gani, utajenga nini. Ni wachache sana wanaomwuliza mstaafu swali ambalo kwa hakika lina uzito kuliko yote: je, siku atakapougua, ni nani atakayelipa?

Swali hilo si la kumtia mtu hofu. Binadamu mwenye umri wa miaka 60 ana haki ya kutarajia miaka mingi mbele yake. Lakini miaka hiyo ndiyo miaka ya shinikizo la damu, ya kisukari, ya mtoto wa jicho, ya tezi dume, ya magoti na ya mgongo. Maradhi haya hayaponywi kwa sindano moja. Huhitaji dawa kila siku na vipimo kila baada ya muda, hadi mwisho wa uhai. Kwa hiyo mstaafu hahitaji fedha nyingi za siku moja, bali uhakika mdogo wa kila siku. Mkupuo hautoi uhakika huo. Bima ndiyo inayoutoa.

Historia fupi

Mwalimu aliyeajiriwa mwaka 1990 akiwa na umri wa miaka 25 alitimiza miaka 60 mwaka 2025. Katika utumishi wake ameyaona mageuzi yote ya matibabu nchini. Alipoanza kazi, hospitali za Serikali zilikuwa zikitibu bila malipo, kwa mujibu wa siasa iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Uganga wa kibinafsi wa kutafuta faida, uliokuwa umepigwa marufuku mwaka 1977, uliruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama katika hospitali za Serikali. Mwaka 1999 Bunge likatunga Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na Julai 2001 Mfuko ukaanza kazi kwa kuwaandikisha watumishi wa Serikali.

Tangu hapo mwalimu huyo amekuwa akikatwa asilimia 3 ya mshahara wake, na mwajiri akiongeza asilimia 3 nyingine. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi hukatwa shilingi 30,000, na pamoja na fungu la mwajiri jumla huwa shilingi 60,000. Kwa mwaka mmoja hizo ni shilingi 720,000. Akiwa kijana mwenye afya, huenda alinung'unika kwamba anakatwa bure, maana miaka ilipita bila kukanyaga hospitali. Ukweli ni kwamba hakuwa akikatwa bure. Alikuwa akiwatibu waliomtangulia, na wakati huohuo akijiwekea haki yake ya kutibiwa na watakaomfuata. Huo ndio msingi wa bima: mzima humbeba mgonjwa, kijana humbeba mzee, naye kijana hubebwa zamu yake ikifika.

Basi mtumishi anayestaafu bila kuifuatilia haki hiyo ni sawa na mkulima aliyepalilia kibanja chake miaka 24, kisha akaondoka siku ya kukata mkungu.

Yaliyo mbele ya mstaafu

Mbele ya mstaafu wa Kagera ziko njia nne, na kila moja inafaa kupimwa kwa makini.

Njia ya kwanza ni kuendelea na Mfuko wa Taifa. Mwanachama aliyestaafu kwa mujibu wa sheria na kutimiza masharti ya uchangiaji huendelea kutibiwa, yeye na mwenza wake, bila kukatwa tena. Kadi hiyo hupokelewa katika vituo vilivyosajiliwa na Mfuko nchini kote, viwe vya Serikali, vya madhehebu ya dini au vya watu binafsi. Kwa mtu wa Muleba jambo hili si dogo. Huduma za hospitali wilayani humo zimebebwa kwa miaka mingi na hospitali za misheni: Rubya, iliyokuwa hospitali teule ya wilaya, Kagondo ya Wakatoliki, na Ndolage ya Walutheri. Na ugonjwa ukizidi uwezo wa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, mgonjwa hupelekwa Bugando, Mwanza. Bima isiyofika Mwanza ni bima inayomwacha mgonjwa njiani.

Njia ya pili ni Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga katikati ya miaka ya 1990, ukapewa sheria mwaka 2001, na kuboreshwa mwaka 2018. Katika mpango huo ulioboreshwa, mchango uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, yaani shilingi 5,000 kwa mtu. Huduma zake zilipangwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya mkoa. Kwa malaria, kwa uzazi na kwa vidonda vya watoto, mpango huo umewafaa wengi. Lakini kwa mzee anayehitaji kusafishwa damu au kutibiwa saratani, huduma zake hukomea pale ambapo ugonjwa wake unaanzia.

Njia ya tatu ni msamaha wa wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 na sera za afya zilizofuata zimetamka kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bila malipo katika vituo vya Serikali. Jambo hilo ni la utu, na linastahili kulindwa. Hata hivyo, msamaha ulikusudiwa mzee asiyejiweza. Mwalimu mwenye pensheni anayejipanga katika mstari huo humpunguzia nafasi bibi kizee asiye na kitu. Isitoshe, msamaha hufuta malipo ya dirishani, lakini hauleti dawa pale ambapo dawa imekwisha.

Njia ya nne ni kulipa kutoka mfukoni. Hiyo ndiyo njia ambayo wengi huichagua bila kujua kwamba wameichagua. Asiyefuatilia kadi yake amekwisha kuamua, na mkupuo wake umekuwa ndio bima yake. Nyumba aliyotaka kuimalizia kwa mkupuo huo hubaki bila kupauliwa, na ng'ombe aliyemnunua huuzwa kwa bei ya dhiki. Mwishowe kibanja cha ukoo hutajwa katika maongezi ambayo hakikupasa kutajwa.

Kwa aliyekuwa mtumishi wa umma, jibu ni dhahiri: ashike njia ya kwanza, na aitumie ya pili kwa ajili ya wale ambao ya kwanza imewaacha. Hapo ndipo penye kiini cha tatizo la Kagera.

Wajukuu

Mtumishi akiwa kazini, kadi yake humbeba yeye, mwenza wake na wategemezi wanne. Anapostaafu, hubaki yeye na mwenza wake tu. Waliotunga utaratibu huu walidhani kwamba mtu wa miaka 60 amekwisha kulea, na watoto wake sasa wana kazi na bima zao. Katika nchi nyingi dhana hiyo ni sahihi. Katika Kagera si sahihi daima.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi kutambuliwa nchini Tanzania walionekana mwaka 1983 katika hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba. Katika miaka iliyofuata mkoa huu ulizika watu wazima wengi kiasi kwamba kati ya mwaka 1991 na 1994 wataalamu walifanya uchunguzi maalumu wa kaya mkoani, ili kujua familia huishije baada ya vifo hivyo. Kizazi cha mababu na mabibi kilirudi kulea upya. Yatima wa miaka ile sasa ni watu wazima, lakini desturi ya bibi kulea haikuondoka. Leo iko kwa sababu nyingine pia: wazazi wako Mwanza, Dar es Salaam au visiwani wakivua, na watoto wako kijijini. Katika nyumba nyingi za wastaafu wa Kanyigo, Kamachumu au Nshamba, mzee na mkewe hawaishi peke yao. Wanaishi na wajukuu wanaokwenda shule.

Mtoto huyo, siku ya mwisho ya utumishi wa babu yake, ana bima. Kadi ya babu inapobadilishwa kuwa ya mstaafu, hana. Hakuugua wala hakukosa lolote. Kilichobadilika ni tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine.

Yapo majibu ya Mfuko juu ya jambo hili, na si majibu ya kupuuzwa. Fedha za bima ni za wachangiaji, na wastaafu hawachangii tena. Kila mtegemezi anayeongezwa bila mchango ni mzigo juu ya mwalimu kijana anayekatwa asilimia 3 yake. Kadhalika, upo mfano wa kadi ya watoto ya Toto Afya, iliyolipiwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka. Mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, ukaelekezwa shuleni, kwa hoja kwamba wazazi wengi walikuwa wakiwaandikisha watoto waliokwisha kuwa wagonjwa. Mfuko ambao wagonjwa tu ndio wanaoingia hauwezi kudumu. Hata kikundi cha kuzikana kijijini hakimpokei mtu aliye na maiti ndani.

Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake, hutoa dawa badala ya kufunga mlango. Ikiwa hatari ni watu kuchagua mgonjwa na kumwacha mzima, basi uchaguzi ufanywe mara moja tu, siku ya kustaafu, na uwe wa kaya nzima. Mstaafu aulizwe kwa maandishi: je, unataka wategemezi wako wote waliomo katika kadi waendelee, kwa mchango utakaokatwa kwenye pensheni yako ya kila mwezi? Akikubali, wote waendelee, wazima kwa wagonjwa. Akikataa, asiruhusiwe kurudi mwaka unaofuata akiwa na mjukuu mmoja aliyelazwa. Kwa utaratibu huo Mfuko haupati hasara ya kuchaguliwa wagonjwa, mstaafu haombi sadaka, na mtoto hatupwi.

Jambo hilo si geni duniani. Marekani ilianzisha bima ya wazee mwaka 1965 kwa watu wa miaka 65 na zaidi, na katika sehemu ya bima hiyo inayolipia madaktari, anayechelewa kujiunga bila sababu inayokubalika huongezewa mchango kwa asilimia 10 kwa kila mwaka kamili aliochelewa. Katika nchi ile tajiri watu wameona kwamba bima haiwezi kuwa mlango ulio wazi kwa mwenye homa pekee. Kenya nayo, mwaka 2024, ilibadili mfuko wake wa zamani na kuweka mfuko mpya wa afya ya jamii. Nchini Tanzania, Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Maadam sheria hiyo imekusudiwa kumfikia kila mkazi, utekelezaji wake ndio mahali hasa pa kuliweka sawa suala la wategemezi wa wastaafu.

Kuzikana na kutibiana

Yupo atakayesema kwamba watu wa Kagera hawana haja ya makaratasi ya bima, kwa kuwa wana ndugu na majirani. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, ila si ukweli wote. Katika kijiji cha Nyakatoke, wilayani Bukoba, watafiti walizifuatilia kaya zote 119 mwaka 2000, wakiandika nani humsaidia nani. Walikuta mtandao mzito wa misaada, na vikundi vya kuzikana vyenye kanuni na michango. Mtu akiugua, chakula hakikukosekana nyumbani mwake, maana jamii ilihakikisha hilo. Lakini katika matumizi mengine yasiyo chakula, kinga ya ndugu na marafiki ilikuwa pungufu.

Fundisho lake ni wazi. Ujirani hulisha, ujirani huzika, lakini ujirani hauwezi kulipa upasuaji wa Bugando. Si kwa sababu majirani ni wachoyo, bali kwa sababu wote ni wakulima wa kahawa ileile na ndizi zilezile: bei ikianguka, au mnyauko ukiingia shambani, huwapiga wote pamoja. Tetemeko la Septemba 10, 2016 halikubomoa nyumba moja ili jirani wa pili amsaidie wa kwanza. Bima ya Taifa ina nguvu kwa sababu humwunganisha mwalimu wa Muleba na karani wa Mtwara na mwuguzi wa Arusha, ambao hawapigwi na tetemeko moja.

Ni jambo la kutafakari kwamba wananchi waliojipanga vizuri namna hii kwa ajili ya siku ya kufa hawajajipanga kiasi hicho kwa ajili ya siku za kuugua. Anayekosa mchango wa kikundi cha kuzikana huona haya mbele ya kijiji kizima. Anayekaa bila bima haoni haya mbele ya mtu yeyote.

Wajibu wa watendaji

Hata hivyo, si haki kumwachia mstaafu lawama zote. Upo uzembe wa ofisini ambao hapana budi ukemewe. Tarehe ya kustaafu ya kila mtumishi inajulikana tangu siku aliyoajiriwa. Hakuna sababu hata moja ya mtu kufika siku hiyo bila kuelezwa haki zake za matibabu. Ofisi za utumishi za halmashauri zinaweza kuwaita wanaokaribia kustaafu mwaka mmoja kabla, na siku hiyo hiyo afisa wa Mfuko wa bima na afisa wa mfuko wa pensheni wakaketi meza moja. Mtu asitolewe Nshamba hadi Bukoba mara tatu kwa karatasi ambazo zingekamilishwa mara moja.

Karatasi zenyewe ndizo kikwazo kikubwa. Mwenza huandikishwa kwa cheti cha ndoa. Wako watumishi walioishi na wake zao miaka 30 kwa ndoa ya kimila, wakatoa mahari, wakalea watoto, na hawana cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila na inaruhusu iandikishwe. Basi iandikishwe mapema, mashahidi wangali hai. Kadhalika majina: cheti cha shule kina jina hili, barua ya ajira ina lile, na kitambulisho cha Taifa kina la tatu. Herufi moja iliyokosewa na karani zamani inaweza kumweka mzee wa miaka 60 nje ya dirisha la dawa.

Zaidi ya hayo, kadi ni lazima iheshimiwe pale inapoonyeshwa. Machi 2024, kwa sababu ya mzozo juu ya kitita kipya cha malipo, baadhi ya vituo binafsi vilisitisha huduma kwa wanachama wa Mfuko. Mwenye kisukari hawezi kusubiri wakubwa wamalize mazungumzo. Mfuko na wenye vituo wana haki ya kubishana juu ya bei. Hawana haki ya kubishana juu ya kichwa cha mgonjwa aliyekwisha kulipa tangu mwaka 2001.

La kufanya

Mtumishi mwenye miaka 55 leo ana mambo matatu ya kufanya kabla hata hajafikiria mabati. Kwanza, afike ofisi ya Mfuko mjini Bukoba, aombe taarifa ya michango yake, na aulize kwa maandishi masharti ya kadi ya mstaafu, pamoja na hali ya mwenza wake endapo yeye atatangulia kufa. Pili, asahihishe majina na kuandikisha ndoa. Tatu, ahesabu waliomo nyumbani mwake, amtaje kila mmoja kwa jina, na aulize ni mpango upi wa bima utakaombeba kila mmoja siku kadi ya sasa itakapokoma, na kwa mchango gani kwa mwaka huo.

Na hata akiwa na kadi zote, aweke akiba kidogo. Kadi hailipi nauli ya ndugu anayemsindikiza mgonjwa hadi Mwanza, wala malazi yake huko. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa adha ya kungoja kivuko, lakini halikuondoa umbali.

Uzee si maradhi, wala kustaafu si kutupwa. Mwalimu aliyefundisha kusoma nusu ya vijana wa kata yake hastahili kupelekwa hospitali kwa mchango wa kofia. Yeye na atimize wajibu wake mapema, na ofisi zitimize wajibu wao bila kungoja kusukumwa. Na wale wanaotekeleza sheria ya mwaka 2023 wakumbuke kwamba katika nyumba ya mstaafu wa Muleba, anayekohoa usiku si mzee peke yake.